Anti, baba wa mwenzangu anataka kuimalizia filamu yetu. Mimi nitabaki nani?

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu wala la filamu, maana hii dunia yetu ya filamu hapa Dar ni ndogo, mtu akikohoa Sinza anasikika Mikocheni. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimezaliwa Mbagala na bado naishi Mbagala, chumba na sebule, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Kazi yangu ni prodyuza wa filamu za kujitegemea, yani nyuma yetu hakuna kampuni kubwa wala chaneli. Watu wakisikia prodyuza wanajua ndo mwenye hela. Kumbe prodyuza wa aina yangu ndo yule anayezitafuta hela kwa watu, anaandika maombi, anafuatilia kibali Bodi ya Filamu, anambembeleza mwenyekiti wa mtaa atuachie kichochoro siku mbili, anahakikisha watu arobaini wamekula, alafu usiku anakaa kitandani na bahasha ya risiti anapiga hesabu peke yake.

Nina mwenzangu, dairekta. Tulijuana chuo, huu mwaka wa nane tuko pamoja kikazi, kampuni ni yetu nusu kwa nusu, tumeshatoa filamu fupi mbili na hii ndo ndefu yetu ya kwanza. Naomba nieleweke Anti, sio mtu mbaya. Ana kipaji, akiingia kazini anasahau hata kula, na hajawahi kunivunjia heshima mbele za watu. Ila kwao ni Masaki. Kamera yake ya kwanza alinunuliwa na baba yake akiwa form four. Mimi ya kwanza kuishika nilikua na miaka 23, tena ya kuazima kwa jamaa wa kupiga picha za harusi Temeke.

Hadithi ya filamu imetoka kwa mama yangu. Mama amekaanga samaki Feri miaka 19, saa tisa usiku yuko macho awahi mnada, lile karai ndo limetusomesha. Mi niliandika hadithi kurasa kumi na mbili, mwenzangu akaandika skripti. Tukaomba hela kwenye mfuko mmoja wa Ulaya, mara ya kwanza tukakosa, ya pili tukakosa, ya tatu tukapata yuro 50,000. Mtaani ikawa sherehe. Nilienda Berlin kwenye mafunzo siku sita, nikapiga picha nimevaa kile kitambulisho cha shingoni, mpaka leo kuna watu wananiita mama Ulaya. Hawajui kule nilikua nakula mkate wa hotelini asubuhi, mwingine naufunga kwenye tishu uwe wa mchana, ili posho nirudi nayo nilipie lokesheni.

Sasa zile hela haziji zote kwa pamoja. Wanatoa asilimia 60 mkisaini, 30 mkimaliza kushuti na ripoti wakaikubali, na 10 ya mwisho mpaka muwapelekee filamu iliyokamilika na hesabu zilizokaguliwa. Tulipanga kushuti siku 24, mvua ikatupiga tukafika 31. Fungu la pili likachelewa wiki tisa kwasababu ripoti ilirudishwa mara mbili kisa risiti za bodaboda na za mama ntilie, hivi Anti mama ntilie wa Mbagala anatoa risiti gani? Wiki hizo tisa ndo zilizonimaliza. Dereva wa Hiace anadaiwa hesabu na bosi wake, kijana wa taa mtoto kalazwa, dada wa mavazi kodi imeisha. Mwenzangu akatukusanya akaongea vizuri kabisa, akasema jamani tuvumilie, hii ni kazi ya mapenzi, hata mimi sijajilipa hata mia. Na ni kweli hajajilipa. Ila jioni ile yeye alirudi kwao akakuta chakula mezani, mimi nilirudi nikakuta luku imekata.

Nikaenda kwa mama. Wana kikoba chao wamama 26, wengi wa Feri na wengine wa mtaani, na mama ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku. Ule ufunguo anaufunga kwenye pindo la khanga, hata bafuni anaingia nao. Mkopo wao ni mara tatu ya hisa, mama ana hisa za milioni moja na nusu, akachukua wote, milioni nne na nusu, wenzake wawili wakamdhamini. Aliwaambia ni ya mwanangu, analipwa na Wazungu, miezi miwili tu. Nikawapunguzia watu madeni. Fungu la pili lilipoingia likaishia kwenye jenereta na waigizaji na kukodi vifaa, kwa mama nikapeleka laki nane. Mpaka sasa na riba bado milioni 4.1, na wafanyakazi bado wananidai 7.8. Kikoba kinavunjwa katikati ya Desemba, zimebaki wiki saba. Kila Jumamosi wakikaa mama anaulizwa, na wale wadhamini wake wawili wameanza kumsalimia kwa mkato.

Filamu iko kwenye hadi diski, imeshakatwa na kupangwa, bado sauti, rangi na lile faili la kuonyeshea sinema, kama milioni 28 tukifanyia Nairobi. Hapo ndo baba yake mwenzangu akasema atatoa milioni 40, tulipe madeni yote na tumalize. Masharti mawili: apate asilimia 51 ya kampuni, na jina lake likae la kwanza kama prodyuza. Mimi niandikwe laini prodyuza, yani msimamizi wa shutingi tu. Mwenzangu anasema ni jina tu, watu wote wanajua kazi kafanya nani.

Tukaitwa kwao kula mchana tuliongelee. Mama yake akanitambulisha kwa mgeni mmoja, "huyu ndo anamsaidiasaidia mwanangu mambo ya filamu." Miaka nane Anti. Alafu dada aliyeleta juisi ni wa mtaani kwetu, tumesoma naye shule ya msingi. Akaniambia karibu dada, akashusha macho. Nimeshika glasi pale sijui ninyanyuke nikamsaidie zile sahani au nikae kama mgeni. Nikakaa. Hicho kitu hakijanitoka mpaka leo.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu, mwenzangu hajui ile hela ilitoka kwenye kikoba cha mama. Anajua niliazima mahali. Naona aibu, sitaki tuonewe huruma.

Rafiki yangu ananiambia huo ni wivu wa kimaskini, hela imekuja mpaka mlangoni we unaangalia jina. Kijana wa taa juzi kanitumia meseji, "dada ngoja ngoja huumiza matumbo". Nikikubali, wote wanalipwa. Nikikataa, filamu ya mama yangu inabaki kwenye diski. Hiki ni kiburi changu Anti, au nina haki ya kuumia?

Prodyuza wa Mbagala


Marahaba mwanangu, na pole.

Ahsante kwa kuandika mpaka shilingi, maana barua nyingi za namna hii zinanifikia na machungu tu bila hesabu, nabaki sina pa kushika. Yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu. Nikampigia pia mwanasheria mmoja ninayemwamini na rafiki yangu ambaye amekaa miaka mingi kama mhasibu kwenye shutingi, bila kuwatajia chochote cha kukutambulisha.

Nilivyokuelewa mimi ni hivi. Unadaiwa na watu milioni 11.9, filamu inataka 28 ili iishe, na kuna mzee ana 40 mkononi, yani kwa hesabu tupu jibu lingekuwa limeshapatikana. Kinachokukwamisha ni bei ya hizo hela. Unaambiwa wewe uliyekibeba hiki kitu miaka nane ushuke ngazi kwenye karatasi ili aliyefika juzi apande. Unaumia, alafu juu ya kuumia unajiuliza kama unaruhusiwa. Unaruhusiwa mwanangu. Na huyo rafiki yako aliyesema wivu wa kimaskini mwambie Anti hajauona, nimepekua barua nzima sijaona mahali umetamani nyumba ya Masaki, nimeona mtu anayeuliza cha kwake kiko wapi.

Ila naomba uniruhusu nirudi kwenye sehemu ambazo naona umezipita haraka.

Ya kwanza ni hiyo siri. Unaumia kwamba mwenzako haoni, na kile ambacho kingemfungua macho umekifunga kwenye pindo kama mama anavyofunga ufunguo. Siku ile aliposema hata mimi sijajilipa, kwa anachokijua yeye alikuwa anasema kweli, anajua mpo wawili mnajinyima sawasawa. Hajui kuna mtu wa tatu, mama mwenye karai, aliyekuwa analipia huo uvumilivu wenu. Maana kuvumilia nako ni gharama kama jenereta. Ya kwake inalipwa kimyakimya na nyumba ya baba yake, hakuna anayeiandika popote, ya kwako imeandikwa kwenye daftari la kikoba na inadaiwa kila Jumamosi. Na ukinyamaza, yeye anaonekana ndo mwenye mapenzi na sanaa, wewe unaonekana mtu wa hela hela.

Naijua hiyo aibu. Sisi tuliokulia kwenye kubana tumefundishwa tangu wadogo kwamba mgeni akija chungu kinafunikwa. Sikwambii ukamwambie leo, kuna hatari zake. Anaweza akaguswa vibaya akaenda mbio kwa baba yake, baba akatoa hiyo milioni nne kama sadaka, na hapo utajisikia mdogo kuliko sasa. Anaweza pia asielewe kabisa, na utakuwa umejua jambo kuhusu rafiki yako wa miaka nane ambalo pengine hukutaka kulijua. Ila jiulize, mkataba wa 51 kwa 49 mtauongea vipi kama mmoja wenu hajui hela za kwenye filamu zimetoka wapi?

Ya pili imenigusa zaidi. Angalia ulivyoziita hizi hela mbili. Ya mzee imekuja na asilimia, na jina la kwanza, na chakula cha mchana. Ya mama umeiita kukopa kwa mama, basi. Lakini ya mama iliingia wakati mbaya kuliko wote, kushuti kumeisha, fungu limekwama, watu wanadai, hakuna aliyekuwa anajua kama kutakuwa na filamu. Ya mzee inaingia filamu imeshakatwa, mtu unaweza kukaa kwenye kochi ukaiangalia mwanzo mpaka mwisho. Rafiki yangu mhasibu alipoona tarehe zako alisema neno moja, "huyo mama ndo mwekezaji aliyebeba hatari." Kwenye filamu kuna foleni ya malipo, hela ikiingia yeyote aliyeweka cha kwake anasimama mahali fulani, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hiyo foleni inaandikwa kwenye mkataba. Kwenye karatasi zenu mama hayupo popote. Mimi ningetamani kuona hiyo 4.5 na riba yake imeingia kwenye hesabu za filamu kama mkopo wa filamu, una tarehe, na unasimama mbele ya hela ya mzee, yoyote itakayokuja. Hiyo ni kazi ya karatasi moja, mnaweza kuifanya hata kabla hamjajua mnaamua nini kwa mzee.

Ya tatu nitaisema taratibu, usinikasirikie. Kijana wa taa. Umeandika vizuri sana jinsi inavyouma kuambiwa uvumilie na mtu ambaye kwao chakula kipo mezani. Yule kijana mtoto wake amelazwa, na anayemwambia avumilie ni dada aliyepiga picha Berlin na kitambulisho shingoni. Kwa yeye mwanangu, wewe ndo Masaki. Najua sivyo ulivyo, lakini yeye habari ya mkate kwenye tishu haijui, kama mwenzako asivyojua habari ya kikoba. Huenda wale watu wanaokudai wanahitaji kuitwa, wakae chini, waonyeshwe hesabu yote ilivyo, fungu gani limebaki na linakuja lini, na kila mtu apewe karatasi yake iliyosainiwa. Kuna atakayetukana, jiandae. Lakini anayeambiwa "wiki ijayo" kila wiki anaumia mara mbili.

Sasa hili la "ni jina tu." Hapa nitaongea kidogo zaidi kwasababu nadhani mwenzako anaamini kabisa anachosema, na nadhani hajakaa akafikiria.

Prodyuza ni yule aliyeifanya filamu iwepo. Aliyeweka hela ana jina lake pia, wenyewe mnaita ekizekyutivu prodyuza, na ni jina la heshima kabisa, wala sio la pembeni. Sio mimi niliyezitenganisha, hata kwenye Oscar ile tuzo ya filamu bora wanaokabidhiwa sanamu ni maprodyuza, maekizekyutivu hawamo. Na kwako ni zaidi ya heshima. Ukienda kuomba hela ya filamu ya pili wataangalia umeshafanya nini. Mtoto wa Masaki akikosa jina kwenye filamu bado ana nyumba, ana jina la ukoo, ana baba wa kumpigia simu. Wewe hicho unachoita jina ndo hati yako ya kiwanja. Ukiandikwa laini prodyuza, anayesoma huko mbali ataelewa uliajiriwa kusimamia shutingi ya mtu mwingine.

Wewe ni wa hapahapa, unakumbuka enzi za DVD Kariakoo. Watu walimaliza filamu wakiwa wanadaiwa kila kona, wakaenda kwa msambazaji, akawapa hela ya mkupuo, wakasaini haki zote. Wengi hawakuwa wajinga, walikuwa na madeni kama yako na watoto nyumbani. Baadaye kazi zao zinaonyeshwa kwenye luninga na wao hawana pa kudai. Mtu anayesubiriwa na wadai hawezi kujadiliana sawa na mtu asiyedaiwa, na kwenye filamu hapo ndo tabaka linapofanya kazi yake, wala sio kwenye uma na kisu.

Na hiyo asilimia 51, mwanasheria alinishtua kidogo. Mzee hanunui filamu hii peke yake, ananunua kampuni. Mwenye 51 ndo anayepitisha maamuzi ya kawaida ya kampuni, na kampuni ndo yenye hizo filamu fupi mbili na chochote mtakachokifanya kesho kwa jina lake. Milioni 40 kwa filamu moja ni mazungumzo, milioni 40 kwa miaka nane iliyopita pamoja na inayokuja ni mazungumzo mengine. Kingine, soma tena mkataba wa wale wa Ulaya. Mikataba ya namna hiyo mara nyingi ina kifungu kwamba mabadiliko ya umiliki au ya prodyuza mpaka wakubali kwanza, na kama kipo kwenu, mkisaini na mzee bila kuwauliza mnaweza kulikosa fungu la mwisho. Na zile kurasa kumi na mbili za hadithi, je, kuna karatasi yoyote ulisaini kuipa kampuni? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi tangu alipoandika, hata kama hajasajili popote, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi. Usiende kikaoni bila kujua hilo.

Tuje kwenye njia zilizopo. Hakuna isiyo na mwiba.

Kuna kukubali ofa kama ilivyo. Watu wanalipwa, mama anapumua kabla ya Desemba, filamu inaisha. Usiidharau hii, milioni 40 ni hela nyingi na yule mzee halazimiki kutoa hata senti. Hatari yake ushaijua, na ile ya ndani zaidi ni kwamba unaweza kufika siku ya kuonyeshwa, Ngome Kongwe au popote, ukakaa gizani ukaangalia majina yanapita na hadithi ya mama yako ukashindwa kuifurahia.

Kuna kukubali hela ukabadilisha umbo lake. Piga hesabu na mimi. Asilimia 10 ya yuro 50,000 ni yuro 5,000, kwa sasa ni kama milioni 14 hivi. Madeni ya watu ni 11.9. Kwahiyo hela ya kuwalipa watu kimsingi ipo, imekaa tu upande wa pili wa filamu iliyokamilika. Kinachokosekana kabisa ni ile 28, hii 12 nyingine ni ya kuvukia tu mpaka fungu lifike. Mnaweza kumwomba mzee hiyo 12 kama mkopo wa kawaida unaorudi kwa tarehe, na 28 iwe kwenye mapato ya filamu hii peke yake, sio hisa za kampuni, na jina lake liandikwe ekizekyutivu, mahali pazuri, peke yake. Hatari ni kwamba anaweza kukataa, anaweza kuona mnamfanyia hesabu wakati yeye alikuja kwa wema. Pia mkaguzi akikwama tena na risiti za mama ntilie, hiyo 14 itachelewa na deni litakuwa la mtu mkubwa zaidi.

Kuna kutafuta kwingine kwa ajili ya posti, yani hiyo kazi ya sauti na rangi iliyobaki. Pale Venice wakati wa tamasha la filamu kuna kitu kinaitwa Final Cut, kimeanza 2013, ni kwa ajili ya filamu kutoka Afrika na baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati zilizokwama hatua hiyohiyo ya kwenu, na zawadi zake nyingi ni kazi yenyewe, mtu anakufanyia rangi, mwingine anakumiksia sauti. Marrakech nao tangu 2018 wana warsha zao za Atlas, nako filamu zilizo kwenye posti zinasaidiwa. Ila ni mara moja kwa mwaka, wanaomba wengi, na Desemba ya kikoba haiwasubiri wao. Unaweza kuongea pia na studio ya Nairobi wapokee nusu taslimu na nusu wasimame kwenye foleni ya mapato. Wengine wanakubali, ila kazi yako itawekwa nyuma ya wanaolipa zote.

Kuiuza kwa chaneli mapema kunaweza kukupa hela ya haraka, ila matamasha mengi makubwa yanataka filamu ambayo haijaonyeshwa, fikiria hilo kwanza. Na nakuomba kwa mapenzi yote, kwenye mikopo ya kausha damu usiguse, hata ya laki tano, hata kwa wiki moja.

Kabla hujachagua ningetaka ujue mzee mwenyewe anataka nini. Tumemjua kwa masharti yake tu. Inawezekana 51 ni mazoea ya biashara zake, kila anapoweka hela anaweka hivyo. Inawezekana anaogopa mtoto wake kutapeliwa, au anataka tu siku moja awaonyeshe wenzake jina lake kwenye sinema. Kila moja ina jibu lake. Muulize yeye, kwa heshima, wewe mwenyewe. Mpaka sasa naona maneno yake yanakufikia kupitia mwanae.

Na lile la mezani. Mama mwenyeji sidhani alikusudia kukuumiza, wala hilo halipunguzi maumivu. Neno "anamsaidiasaidia" lingeweza kusahihishwa palepale na mtu mmoja, mwenzako, na hukuniambia alifanya nini. Alikuwepo? Alisikia? Hilo ningependa alijue, hata kama ya kikoba utaamua kuyanyamazia. Yule dada wa juisi nimemfikiria sana. Mzee Sembène Ousmane wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla hajashika kamera, filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1966 aliifanya juu ya binti wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani. Alikuwa anamwona yule anayeleta sinia. Na wewe ulimwona, ndo maana ulishindwa kumeza. Sijui kama kunyanyuka kungemsaidia au kungemponza kwa mabosi wake. Ila anakaa mtaani kwenu, siku ya mapumziko atakuwepo, unaweza kwenda ukamsalimia kwa jina lake.

Mama yako sijamsikia kwenye barua. Alitoa hadithi, akatoa hisa zake zote, anabeba maswali ya Jumamosi, na sioni mahali ulipomwambia kuna mzee anataka kuweka jina juu ya filamu yake. Huenda atakwambia mwanangu chukua hela watu walipwe, jina haliliwi. Huenda akasema kitu ambacho mimi na wewe hatujakifikiria. Amekaa kwenye mnada wa Feri miaka 19, bei anazijua. Mwambie kabla ya kikao cha Jumamosi hii, alafu niandikie alisemaje.